Daftari la Kilomita

Saa kumi na nusu alfajiri. Kawangware
haijakohoa bado kikohozi chake cha kwanza.
Nashuka ghorofa tatu, baiskeli begani,
viatu mkononi, kimya,
maana mzee wa chumba namba tisa akiamshwa vibaya
hutukana hadi jua lichomoze.

Baiskeli si yangu. Ni ya Odipo fundi,
aliyeniazima kwa sharti moja:
"Mkianguka, tangulia wewe."

Kwenye mfuko wa koti nina daftari.
Bi Kerubo wa mboga: shilingi tano kwa kilomita.
Gathenya wa bucha: kumi, lakini nifike Kisumu,
nikiishia Naivasha hatujuani.
Mwalimu Nekesa: ishirini, kalamu nyekundu.
Mama hakuandika kitu. Aliuliza tu,
"Hizo pesa za suruali ya kubana
si ungewapa hao watoto moja kwa moja?"
Sikuwa na jibu.
Nikainama, nikajaza tairi upepo.

Mimi ni mfuaji. Nafua mashuka ya hospitali.
Wodi ya Tatu niliijua kwa madoa yake
kabla sijaijua kwa majina.
Vitanda kumi na vinne, mashine za oksijeni mbili.
Kuna asubuhi shuka huletwa kwangu karibu safi,
mwenyewe hakulilalia hadi kukakucha.
Nalifua vilevile.
Nalianika vilevile.

Basi nakanyaga.
Dagoretti, machinjio yameamka, harufu ya damu na maji ya moto.
Karen, ua umekatwa sawasawa kama nywele za bwana harusi,
na mbwa wanaobweka kwa zamu.
Bulbul, mwadhini ananipita kwa sauti,
nami nampita kwa mnyororo unaolia kwa kukosa mafuta.
Kisha Ngong, kisha mlima.

Mpanda ngazi hushuka, walisema wahenga.
Hawakusema kitu juu ya mpanda mlima wa Ngong
ambaye hushuka kabla hajapanda.
Gia ya mwisho, mapaja yanawaka,
kifua kimekuwa mlango uliofungwa kwa nje.
Nilitia mguu chini. Nikashika magoti.
Hewa ipo, yote ile, kilima kizima cha hewa,
na haiingii.

Hapo ndipo akanipita.
Mtu wa makamo, viatu vya mpira,
baiskeli nyeusi isiyojua gia ni nini,
magunia mawili ya pumba nyuma.
"Umekwama au umepumzika?"
Nikamweleza, maneno mawili mawili: Kisumu. Watoto. Watu wanalipa kwa kilomita.
Akacheka mpaka gunia likahama upande.
"Na hizi zangu za kila siku, analipa nani? Ng'ombe?"

Tulisukuma pamoja, mkono wangu mmoja kwenye gunia lake.
Hakuahidi hata senti, wala sikumwomba.
Alinifundisha tu kupumua:
ingiza kwa pua, hesabu nne,
toa kwa mdomo polepole,
kama unayepuliza moto wa kuni
na hutaki jivu likuingie machoni.
Juu kabisa, akakata kushoto.
Jina lake sikuuliza. Ni kosa langu.

Saa mbili kamili nilikuwa kazini, miguu ya uji,
napokea mashuka ya Wodi ya Tatu.
Nikayahesabu. Kumi na manne.
Yote yalikuwa yamelaliwa vizuri, yamekunjamana, yamekojolewa.
Nikashukuru kwa mkojo.

Jioni nilikuta daftari mezani, limefunguliwa,
kijiko kimewekwa juu ili ukurasa usijifunge.
Chini ya Nekesa, mwandiko wa Mama, umeinama kama aliyebeba maji:
"Mama Musyimi, shilingi mbili kwa kilomita.
Moja ya kwenda. Moja ya kurudi."

Kurudi tutarudi kwa basi.
Sijamwambia.